Baba Alipenda Kula Nini

Osaka, Japani
3 Novemba 1955

Dada Yudith,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila meli yetu ndiyo mgonjwa. Mhimili unaozungusha pangaboi umepasuka, mwingine unatoka Uingereza, na mafundi wanasema hatutaondoka hapa kabla ya Januari. Mabaharia wenzangu wananung'unika. Mimi mpishi wa pili sina la kunung'unikia: nikishamaliza jiko la asubuhi, siku ni yangu.

Nimepata rafiki, seremala mzee wa bandarini, jina lake Hayashi. Zamani alikuwa baharia, kwa hiyo ana Kiingereza cha melini kama changu, na kwa hicho kibovu chetu tunaelewana. Jumapili iliyopita alinichukua kwa treni mpaka mji wa kale uitwao Nara, anakoishi dada yake. Tangu nirudi natembea kama mtu ambaye hajaamka sawasawa.

Mji ule una mahekalu. Sina neno lingine, kanisa si kanisa na msikiti si msikiti. Ni majengo ya mbao tupu, na moja ni kubwa kiasi kwamba kanisa letu la Shighatini lingeingia ndani na mnara wake. Nguzo zake watu watatu hawazikumbatii. Uani kuna taa za mawe zisizo na idadi, zimeota kuvu la kijani. Kuna birika la maji ya kunawa kabla hujaingia, na kengele ya shaba ambayo ikigongwa sauti inakaa hewani mpaka unasahau ilianza lini. Ndani amekaa mtu wa shaba, mkubwa kama nyumba, ameinua kiganja kana kwamba anasema subiri kidogo. Na paa wa porini, dada, wanatembea njiani kama mbuzi wa jirani. Ukiwainamia, nao wanakuinamia.

Nilivua viatu, nikaingia hekaluni. Ukungu ulikuwa umeshuka kama ule wetu wa mwezi wa saba, na majani ya miti yalikuwa mekundu. Nyuma ya hekalu kuna msitu. Mti mmoja wa zamani wameufunga kamba nene ya mabua kiunoni, kuonyesha kwamba haukatwi. Mzee Hayashi akasimama mbele yake, akapiga makofi mawili, akainama. Nilikumbuka mpungi wa ukoo wetu, ule msitu wa matambiko alimozikwa Baba, ambapo sisi tuliobatizwa tunapita kwa mbali tukiangalia upande mwingine. Sijui kwa nini nilisikia aibu.

Msomee Mama. Mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Sefania


Same
24 Novemba 1955

Mdogo wangu Sefania,

Marahaba. Umeniletea balaa, na nitakueleza taratibu ili nawe ulale macho kama mimi.

Tumeteremka Same na Mama wiki ya tatu sasa. Miguu yake imevimba, na daktari anasema moyo umechoka. Tumepanga chumba karibu na hospitali. Joto la huku unalijua, na vumbi, na filimbi ya treni inayomfanya Mama aulize kila mara kama wewe umo. Mume wangu Reginald amebaki Shighatini na kazi yake ya uinjilisti, anashuka kila Ijumaa.

Basi barua yako ilipofika nikaketi kumsomea. Nilipofika kwenye neno hekalu, akaniwekea mkono mdomoni. "Umesema Sefania yuko wapi?" Nikarudia. Akasema, "Yuko Hekaluni." Nikamwambia ni Japani, Mama. Akanijibu kwamba Japani ni jina la Wazungu, katika Biblia inaitwa Yafa, na ndipo Yona alipopandia meli. Wewe ni baharia, ungepita wapi pengine?

Nilitaka kumsahihisha, Sefania, Mungu ananiona. Lakini nilikuwa sijamwona akicheka tangu Pasaka. Nikaendelea kusoma nikitumaini atagundua mwenyewe, na kila ulichoandika kilizidi kuniangamiza. Mbao tupu? Mierezi ya Lebanoni. Nguzo? Zimetajwa. Birika, shaba, taa, ua? Vyote vimo katika Wafalme, anavijua kwa moyo kuliko mwinjilisti wangu. Paa wale nilidhani wataniokoa. Akasema, "Ndio hao ayala wa Zaburi." Yule mtu wa shaba nilimruka, na ile kamba ya mabua.

Sasa hospitali nzima inajua kwamba Mama Dorkasi ana mtoto Hekaluni. Nenkai, mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, haendi kanisa lolote, lakini naye sasa anakaa mlangoni na kibuyu chake kuuliza habari zako. Nilimnong'oneza Reginald ukweli. Alishika kichwa. Anasema Hekalu la Yerusalemu lilibomolewa zamani na kila mwanafunzi wa kipaimara anajua. Nikamwambia nenda basi ukamweleze wewe. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

Yote haya si kitu. Shida ni hii. Mama anataka ukamuulizie jambo humo ndani. Unajua kwamba Baba alikufa mwaka wa nzige bila kubatizwa. Mama anataka ujue kama alipokelewa mbinguni. Akiambiwa ndiyo, atataka azikwe kando yake mpungini. Akiambiwa hapana, basi azikwe makaburi ya kanisa, maana hakuna haja ya kumfuata mtu ambaye hayuko mahali pa kumkuta. Anasema hataamua mpaka barua yako ije, na daktari ameniambia nisihesabu misimu mingi.

Fikiria hali yangu. Mke wa mwinjilisti, mama yangu azikwe mpungini. Reginald atavuliwa kazi. Wewe andika hivi: umeuliza, umeambiwa Baba alipokelewa, na kwamba kwa kuwa amepokelewa Mama anaweza kuzikwa popote, hata kanisani. Atapumzika, na sisi tutapumzika. Ni sentensi moja tu.

Dada yako,
Yudith


Osaka
8 Desemba 1955

Dada Yudith,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako jikoni nikaunguza uji wa watu arobaini.

Siwezi kuiandika sentensi yako. Nimejaribu. Nilikaa na kalamu mpaka wino ukakauka, kila nikiandika "nimeambiwa" naona uso wa Mama unaniangalia. Nitakuandikia yaliyotokea, nawe umsomee yote kama yalivyo, pamoja na hili: hapa si Yerusalemu, watu hawa hawalijui hata jina la Yesu, na huyo wa shaba uliyemruka yupo na hakuniuma. Tafadhali, dada. Nimekuomba.

Yaliyotokea ni haya. Ingawa nilikasirika, swali la Mama halikuniacha. Nilimweleza Mzee Hayashi. Yeye hakucheka. Alisema tusiende kwenye lile hekalu kubwa, pana watu wengi wanaopiga picha, twende kwa mtawa anayemfahamu.

Tulifika kabla ya saa nne asubuhi. Ni hekalu dogo, huwezi kuliona mpaka umelifikia, limejificha nyuma ya mianzi. Kulikuwa na mvua nyepesi isiyolowesha. Mtawa alikuwa anafagia majani, mzee mdogo kwa umbo, masikio makubwa. Akatukaribisha barazani, akatupa chai chungu. Akanywa yake polepole, nikidhani amesahau kwamba tupo. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa na nikawa sijui kama niko huko au niko barazani kwetu Shighatini nikiwa mtoto.

Ndipo Mzee Hayashi akamwuliza kwa niaba yangu: baba wa huyu alikufa bila kubatizwa, je, alipokelewa? Ilichukua kazi. Neno kubatizwa hakulijui, ikabidi nionyeshe kwa maji ya chai. Mtawa akafikiri. Akauliza kitu kifupi, Hayashi akanigeukia.

"Anasema, baba yako alipenda kula nini?"

Nilidhani ametafsiri vibaya. Nikamwambia arudie. Swali lilikuwa lile lile. Hayashi akanieleza kwamba kwao, kila asubuhi, wali wa kwanza kutoka chunguni unawekwa kwenye kibakuli kidogo mbele ya jina la marehemu wa nyumba ile. Mwana wa Hayashi alikufa vitani huko Burma, na yule dada yake wa Nara mpaka leo anamwekea biringanya za kukaanga kwa sababu alizipenda. Mtawa alikuwa anataka kumwekea Baba kitu, na asingeweza kuweka chochote tu.

Baba alipokufa nilikuwa na miaka minne. Ninalikumbuka koti lake lililotundikwa na kikohozi, basi. Mtu mgeni kabisa, upande wa pili wa dunia, ameniuliza jambo dogo kuhusu baba yangu na sina la kusema. Nililia mbele yao, dada, na wao wakatazama mianzi mpaka nikamaliza.

Wewe ulikuwa na miaka tisa. Unakumbuka?

Sefania


Shighatini
27 Desemba 1955

Sefania,

Kwanza nikiri. Sikumsomea yote. Nilisoma mstari mmoja tu, halafu nikakunja karatasi nikasema wino umemwagikia pengine. Nilisema, "Hekaluni wameuliza Baba alipenda kula nini." Unaweza kunikasirikia baadaye.

Tulikuwa tumesharudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, daktari alituruhusu. Mama aliposikia swali lile alienda kukaa barazani. Alikaa siku nzima akitazama ukungu ukipanda kutoka bondeni, chakula hakugusa. Nikaanza kuogopa. Nikafikiri nimemuua mama yangu kwa mstari mmoja.

Kesho yake asubuhi akaniita jikoni, akasema, "Alipenda ukoko."

Sikuelewa. Akasema Baba ugali wenyewe aliula kwa adabu tu. Alichokuwa anangoja ni kile kinachobaki kimeganda chini ya chungu. Mama alikuwa anauacha moto makusudi ili ugali ushike. Watu wakishakula, Baba anavuta chungu katikati ya miguu, anakwangua kwa kipande cha kibuyu, anatafuna kwa macho yaliyofumbwa. Sisi watoto tulikuwa tunamzunguka na anatugawia vipande, na kimoja anakiweka penye mafiga kwa ajili ya baba yake aliyekufa. Sefania, hapo nikaisikia ile sauti ya kukwangua. Miaka ishirini na mitano nimeikumbuka sauti hiyo nikidhani ni ya ndoto.

Mama aliongea mpaka adhuhuri. Sijawahi kumsikia akimtaja Baba hata mara mbili mfululizo, na siku ile alikuwa anacheka, anaiga alivyokuwa anatembea, alivyopiga chafya. Halafu akafika mahali akaniambia nifunge mlango.

Ulipobakia mwaka mmoja kabla Baba hajafa, Mama alibatizwa. Mwalimu wa darasa la ubatizo, mtu wa kutoka mbali aliyekwisha kufa, aliwaambia wanawake wasiwape waume zao chakula ambacho kitaishia kwa mizimu. Mama akauliza kuhusu ukoko. Akaambiwa huo hasa. Basi kuanzia siku ile, akishapakua tu, alimimina maji chunguni pasibaki kitu. Baba hakuuliza. Siku ya kwanza alifunua, akatazama yale maji, akafunika. Siku ya pili alifunua, akafunika. Kisha akaacha kufunua. Walikaa hivyo mpaka alipougua.

"Sikumnyima kingine," akaniambia. "Nilimlisha, nilimfulia, nilimwuguza. Nilimnyima ukoko. Wala hakuniuliza kwa nini."

Kumbe haulizi kama Mungu alimpokea ili ajue aliko. Anauliza kama kuna mahali atamkuta amwombe radhi. Mimi binti yake, niliyelala naye chumba kimoja Same wiki tano, sikulijua hilo. Nilikuwa nahangaika na kazi ya mume wangu.

Waambie ni ukoko.

Yudith


Osaka
14 Januari 1956

Dada Yudith,

Shikamoo. Mhimili umefika, tunaondoka Alhamisi. Mkiniandikia, pelekeni kwa wakala wa meli Singapuri.

Nilienda Nara mara ya mwisho jana. Nilimweleza Mzee Hayashi habari ya ukoko, nikidhani nitahangaika kueleza, lakini dada yake alielewa kabla sijamaliza. Wali nao hushika chini, na wao wana neno lake. Aliwasha moto, akaacha kuni zizidi, wali ukanuka kuungua nyumba nzima, yeye akikaa pale pale akiangalia kama mtu anayeunguza kwa uangalifu. Tukaukwangua. Tukaufunga kwenye jani.

Theluji ilikuwa imeanza. Sikuwahi kuiona. Inashuka bila sauti, na mianzi ilikuwa imeinama, na paa wamejibanza chini ya paa za nyumba wakitutazama tukipita. Mtawa aliuliza jina la Baba. Nilimwambia Mshana, la pili silijui. Akaliandika kwa herufi zao kwenye kibao, akaweka ukoko mbele yake kwenye kibakuli cheusi, akaimba kwa sauti ya chini. Mimi sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikasali Baba Yetu kwa Kigweno chetu, kimoyomoyo, maana ndiyo sala ninayoijua. Sikuona kama kuna aliyekasirika, wa kwao wala wa kwetu.

Alipomaliza, nilimwuliza tena swali la Mama, la kupokelewa. Akasema hajui. Akasema kwa hayo hana ujuzi, yeye kazi yake ni kufagia na kuwakumbuka waliotajwa kwake.

Kwa hiyo sina jibu, dada. Nilivuka bahari mbili na nina swali tu walilonipa. Mama asizikwe kwa uongo wangu wala kwa kimya chako. Msomee barua zangu zote, hata zile za mwanzo, na pale uliporuka usiruke. Akikasirika, akasirike na sisi wote wawili.

Sefania


Shighatini
5 Februari 1956

Mwanangu Sefania,

Anayeandika ni shemeji yako Reginald. Nimemwambia aandike ninavyosema mimi, asininyooshee maneno.

Yudith amenisomea zote, alisoma huku analia mpaka nikamwambia apenge kamasi nisikie vizuri. Kwa hiyo si Yerusalemu. Sawa. Nilisikia aibu siku mbili, nikiwafikiria wale wagonjwa wa Same niliowatambia. Nenkai nimemtumia salamu, nimemwambia nilikosea. Amejibu kwamba yeye alikuwa anakuja kwa ajili ya wale wanyama wanaoinama.

Nisikilize. Tangu baba yako afe watu wa kanisa wamekuja hapa kwangu kwa mema na kwa misiba. Wamenisaidia, siwezi kuwasema vibaya. Na kila aliyemtaja baba yako aliuliza jambo moja, kama alibatizwa. Wachungaji waliuliza, wazee wa kanisa waliuliza, na huyu anayeandika aliuliza siku alipokuja kumposa Yudith. Nilijibu hapana, wakainamisha kichwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza alikuwa anapenda kula nini. Ilibidi niulizwe na mzee wa mianzi asiyejua tulipo.

Reginald ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee.

Jina lake la pili lilikuwa Kirutu. Mshana Kirutu. Ungeniuliza ningekuambia.

Jibu la kupokelewa sitalipata, nimeona. Basi nitaenda mwenyewe. Mimi nilimkuta mtu huyu akiwa hai nikamwacha peke yake na chungu chake kwa sababu niliambiwa. Sitamwacha mara ya pili. Nataka nizikwe mpungini, kando yake, na ubatizo wangu nitakuwa nao pale pale, haufutiki kwa udongo. Kama kanisa litaona ni dhambi, waniandike kwenye kitabu chao. Kazi ya mkwe wangu isiponzwe na mimi, atasema mama mkwe alikuwa mkaidi.

Mwinjilisti aliweka kalamu chini, sasa ameishika tena. Ananiuliza Mshana alikuwa mtu wa namna gani. Mwanangu, nitamalizia kesho.

Mama yako,
Dorkasi


6 Februari

Shemeji Sefania,

Mama hakumalizia, kwa hiyo naandika mimi. Jana alinieleza habari za mzee mpaka ng'ombe wakarudi. Nimekaa miaka kumi na mbili katika nyumba hii na nilikuwa sijui kwamba mifereji ya maji ya upande wa juu aliichimba yeye.

Leo asubuhi aliniambia anataka kuona mahali penyewe kabla miguu haijakataa kabisa. Yudith hayuko, ameshuka Same kuchukua dawa. Mama akaanza kutembea, akafika kwenye mgomba wa tatu, akakaa chini. Unajua kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata mkono hatupeani. Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa nimevaa koti langu la ibada. Kisha nikachuchumaa, nikamwambia apande mgongoni.

Alipanda.

Sijawahi kuingia mpungini. Ni miti tu, shemeji, mikubwa, na kuna baridi. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Nilitembea polepole kwa sababu ya mizizi, na yeye alikuwa ananielekeza kwa kunibonyeza bega. Tulipofika akanyoosha mkono, akasema hapa. Nikamshusha, nikatafuta jiwe, nikaliweka alipoonyesha. Halafu tulikaa.

Wakati wa kurudi tulikutana na wanawake sita wanaotoka mtoni, na wazee wawili wa kanisa. Wote wameniona na Mama mgongoni, nikitokea kule. Jumapili ni mimi ninayehubiri, na tangu turudi nimekaa na Biblia wazi, sijaandika neno. Nimeamua nitaanza kwa kuwaeleza kuhusu Mshana Kirutu.

Reginald